Aliyeuliza Njia ya Kwa Namkunda

Ndugu wawili wa milimani waliachiwa mfereji. Mkubwa aliitwa Mapande, mdogo aliitwa Kalutu. Hawakuuchimba wao. Aliuchimba bibi yao, Namkunda, kwa jembe la mkono, mtoto akiwa mgongoni, mwaka ule wa njaa ambao wanaume walikuwa wameshuka nyikani kutafuta chakula. Aliyatoa maji kwenye chemchemi huko juu, akayapitisha ubavuni mwa mlima, akauzunguka mwamba uliomkatalia, akayafikisha mashambani. Tangu hapo mahali pote pale, mfereji na kijito na njia ya kupandia, pakaitwa Kwa Namkunda. Hakuna aliyeamuru paitwe hivyo. Watu walikunywa, na jina hilo ndilo lililokuwa asante yao.

Maji yalikwenda kwa zamu, kutoka shamba la juu mpaka la chini. Ukimaliza kumwagilia, unaondoa kizibo chako cha magome ya mgomba na udongo, unayaachia maji, kisha unapaza sauti kuelekea bondeni: “Namkundaaa!” Jirani wa chini, maji yakimfikia miguuni, anajibu: “Nimepokea!” Kabla hujasikia jibu huondoki, maana maji ya mferejini yana mambo mengi njiani. Pengine fuko ametoboa ukingo, pengine mbuzi amebomoa. Usiposikia jibu unachukua jembe na kufuata. Kwa hiyo kila asubuhi jina la yule mama lilishuka mlimani nyumba kwa nyumba, pamoja na maji, na watoto waliamka kwa jina hilo kabla ya kuamka kwa uji.

Kisha Wazungu wakapigana wao kwa wao, na katika vita vyao wakahitaji migongo yetu ya kubebea mizigo. Kalutu akachukuliwa. Alikuwa ameoa juzi tu, mke wake Nakijwa, na mtoto bado. Nanyi mnajua, kwa watu wa milima ile mke hatamki jina la mumewe. Husubiri mtoto azaliwe, apate kumwita mumewe Baba fulani. Nakijwa hakuwa na la kumwita. Alikuwa akimwita “wewe”, na siku ile “wewe” akaondoka.

Vita vikaisha. Waliorudi wakarudi, Kalutu hakuonekana. Mapande akanyoa nywele, akamlilia mdogo wake mpaka sauti ikakauka, matanga yakaisha. Nakijwa naye alinyolewa kwa kuwa ndiyo desturi. Lakini nywele zilipoota alishika jembe, akaendelea kulima shamba la Kalutu, na zamu yake ilipofika alisimama kwenye kizibo akaita kama wenzake. Wala hakumweleza mtu anangoja nini.

Ndipo ikaja serikali nyingine, na Bwana Shauri mpya, mkuu wa wilaya. Alipanda mlimani na kiti chake cha kukunja, akakaa, akatazama bondeni kwa muda mrefu. Mkalimani akasema kwa niaba yake kwamba barabara itapita chini ya mlima, na njia ya zamani isitumike tena. Maji yote yanayotiririka ni ya serikali, wenyeji wanayatumia kwa hisani. Na mahali hapa pataitwa Girinifodi, kwa sababu kilima hiki kinamkumbusha Bwana Shauri kijiji alichozaliwa. Naye alikuwa na kwao, maskini, nako kulikuwa mbali. Jina la zamani lisisikike tena barabarani, wala sokoni, wala mferejini, maana majina ya wenyeji ni mengi mno na yanawavuruga wapimaji wa ardhi. Atakayeliita atatoa mbuzi. Wakizidi ukaidi, mfereji utafungwa.

Mama Nagholwa, ambaye shamba lake lilikuwa chini ya lile la Nakijwa, alijaribu jina jipya pale pale, kwa sauti ndogo. “Gi-ri-ni-fo-di. Uuu! Kama mtu aliyetia kiazi cha moto mdomoni.” Waliokaa karibu naye wakainama wasionekane wakicheka.

Mapande akafanywa jumbe. Akapewa kanzu na tarbushi. Msimdhanie vibaya Mapande, hakuwa mtu mbaya. Alikaa na watu wake akawaambia, “Jamani, jina halinyweshi maharage. Hawa wana nguvu, ninyi wenyewe mmeona. Tuwape jina, watuachie maji.” Ilionekana ni busara. Mtu anayedaiwa ng’ombe akitoa kamba peke yake, si amepona? Wakakubali wote, hata wazee. Nakijwa peke yake hakukubali. Lakini naye akaacha kuita, maana mwanamke mmoja hatatoa mbuzi kila asubuhi.

Mlima ukawa kimya. Mwanzoni kimya kilikuwa cha aibu tu, baadaye kikazoeleka. Mtu aliyaachia maji akaenda zake bila kujua kama yamefika. Wa chini akakuta mfereji mkavu, akamdhania wa juu mwizi. Majirani waliokopeshana moto tangu utoto wakaanza kurushiana maneno. “Jana uliyaziba!” “Nilikuachia jua likichomoza, wewe ndiye ulikuwa umelala!” Mashimo ya fuko yakakaa bila kuzibwa, maji yakamwagika porini, na kila mtu akamlaumu mwenzake. Hakuna aliyelitaja lile jina lililokosekana, na labda hata hawakujua kwamba ndilo lililokosekana.

Kalutu alikuwa hai. Vita vilimchukua macho na kumwachia makovu yaliyoubadili uso wake, basi. Alikuwa ameachwa hospitali ya nchi ya mbali, akapona, akaanza kurudi kwa miguu, mkono begani mwa wasafiri, kutoka kundi hili la wachuuzi hadi lile. Kila alipofika aliuliza njia ya kwa Namkunda. Mbali kule walimwambia, “Endelea mbele, ni milimani.” Alipokaribia hasa, ndipo watu wakaacha kumjibu.

Alifikishwa barabarani, chini kabisa ya mlima wake mwenyewe, asijue. Alitafuta kwa nyayo yale mawe ya kuvukia kijito, lakini kijito kilikuwa kimetiwa ndani ya bomba chini ya barabara. Alitafuta harufu ya mizambarau ya pale pa kupandia, ilikuwa imekatwa. Akauliza wavunja kokoto. Hao walitoka nchi nyingine na hawakujua ila jina walilopewa. Wakamwambia, “Mzee, hapa ni Girinifodi. Hakuna pengine.” Akauliza waliokuja kuuza vitu, na hao walijua, lakini askari alikuwa amesimama. Wakasema hawajui.

Basi akakaa kando ya barabara, akajiambia: macho yameniacha na watu hawanijui, lakini masikio ninayo. Nitakaa hapa mpaka asubuhi. Kama ni kwetu, asubuhi nitalisikia jina likishuka na maji.

Asubuhi ikafika. Akatega sikio. Akasikia jogoo, akasikia nyundo za wavunja kokoto. Jina hakulisikia. Jua likampanda mabegani naye bado ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akasimama, akapangusa vumbi, akauliza msafara wa wachuuzi wa magadi unaelekea wapi. Wakamwambia pwani. Akasema, “Nichukueni.”

Mama Nagholwa alikuwa sokoni barabarani asubuhi ile. Alipanda mlima na kapu lake, akamkuta Nakijwa kwenye kizibo, na Mapande yuko hapo amekuja kuamua ugomvi wa maji kati ya Nakijwa na jirani wa shamba la juu.

“Kuna kipofu kule chini,” akasema, akitua kapu. “Anauliza kwa Namkunda. Mimi nami ulimi ukaniwasha, lakini askari yuko pale anatafuna ndizi zangu, nikasema sijui. Amekaa ametega sikio tangu alfajiri kama bwana harusi anayesubiri kuitwa ndani. Sasa anaondoka na watu wa magadi.”

Nakijwa akaacha jembe. Akasogea ukingoni, akatazama chini. Barabara ilionekana nyembamba kama mshipi, na juu yake kundi la watu na punda, na nyuma yao mmoja mwenye fimbo. Walikuwa wanakwenda. Kukimbilia chini, njia ya zamani imezibwa na ile mpya inazunguka mlima wote, asingewahi.

Mapande akamwona uso, akajua anawaza nini. “Shemeji,” akasema kwa upole kabisa, “mimi nilimlilia kwa macho yangu haya. Vipofu wa vita ni wengi. Bwana Shauri yuko kambini pale, anasikia. Ukiita, watatufungia maji, na maharage yako kwenye maua. Kwa ajili ya mtu usiyemjua?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nakijwa hakuwa na hakika. Jina la mumewe hakuweza kulitamka, na hata angeweza, lingekuwa jina la mtu mmoja tu, wamejaa wenye jina hilo. Akatazama maharage yake, akatazama ya majirani zake. Kisha akainama, akang’oa kizibo, maji yakaruka. Akaweka mikono mdomoni.

“Namkundaaaa!”

Sauti ilikuwa na kutu, maana alikuwa hajaita siku nyingi. Lakini ilishuka. Kule chini mtu mwenye fimbo akasimama.

Wachuuzi wakaendelea mbele. Yeye akageuka, uso kuelekea mlimani, akafungua mdomo. Walio juu waliona tu kichwa kikiinuka. Sauti yake, iliyochoka kwa safari, haikuweza kupanda umbali ule. Nakijwa alisubiri. Hakuna kilichofika ila upepo, na Mapande akaangalia pembeni ili asimwone anavyosubiri.

Lakini mwanamke wa shamba la mwisho, linalopakana na barabara, alimsikia akijibu. Alijua ni kosa. Alitazama askari, akatazama yule kipofu, akatazama mtoto wake mwenyewe mdogo aliyekuwa akicheza na matope. Kisha akapaza sauti kuelekea juu: “Amepokea!” Wa shamba la pili akainua kichwa, akalichukua neno, akalipandisha: “Amepokea!” Nalo likaja hivyo, shamba kwa shamba, kwa vinywa vya watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya maji, likivuka kila kizibo, mpaka likafika kwa Mama Nagholwa. Yeye alikuwa amekwisha rudi mbio shambani kwake, kapu amelisahau. Akasimama chini ya kizibo cha Nakijwa, machozi na kicheko pamoja, akasema bila hata kupiga kelele, “Mwanangu, amepokea.”

Nakijwa akakaa chini, ndani ya maji.

Nao walikuwa wa kwanza kumfikia yule kipofu, watu wa mashamba ya chini. Walimpandisha Kalutu kwa kumshika mikono, hata wale waliosema hawajui. Na hao hasa walimshika kwa nguvu zaidi.

Bwana Shauri alikuja na askari kabla ya jua kuzama. Akauliza nani aliyeanza kuita. Mapande alikuwa amesimama na mdogo wake amemwegemea bega, akimpapasa uso polepole, kama mtu anayesoma. Mapande akavua tarbushi, akaiweka juu ya jiwe mbele ya kiti kile cha kukunja. Akasema:

“Bwana, aliyeita ni mimi. Nilichelewa tu.”

Walimchukulia mbuzi na cheo chake cha ujumbe. Mfereji ukafungwa msimu ule wote, na maharage yakanyauka yakiwa kwenye maua kama alivyokuwa amesema. Wanawake wakarudi kuchota chemchemini kwa mitungi. Mama Nagholwa alikuwa akipita na mtungi wake kichwani, Kalutu akimsikia hatua anamsalimu, naye anajibu, “Marahaba, baba. Maharage yangu yote yamekufa kwa ajili yako. Basi nisalimie vizuri, maana hizo salamu ndizo ninazokula.” Na alipita njia hiyo kila siku, ijapokuwa ilikuwapo njia ya mkato.

Serikali ile ilikwenda zake. Ubao wa Girinifodi ulikaa pale barabarani mpaka mchwa wakaumaliza, wala hakuna aliyesumbuka kuung’oa. Mfereji ulifunguliwa baadaye. Wengine husema ulifunguliwa kwa amri, wengine husema fuko aliufungua.

Wanangu, ninyi mmesoma, na leo hakuna askari anayewasimamia midomo. Majina ya mlikotoka mmeyaacha wenyewe taratibu, kwa kuwa si ya kisasa, au yanawachekesha wageni, au kwa kuwa mtu alisema jina halinyweshi maharage. Si kitu, sigombi na mtu. Nawauliza moja tu. Ndugu yako uliyekwisha kumlilia, akifika leo chini ya mlima wako akiwa haoni, akakaa kando ya barabara akatega sikio, atasikia nini kutoka kwako?