Jembe la Mlangoni na Maharage ya Msiba

Isome hii mpaka chini, usiishie katikati ukasema umeielewa. Nilipewa na bibi mzaa mama, naye hakuwa mwongo. Alikuwa na mdomo tu, kama mimi.

Zamani mji wetu wa Kwamsunga ulikuwa chini ya mfalme wa milimani, Mfalme Ngoda. Alipozeeka alitaka kumkabidhi mmoja wa wanawe mji huo autawale. Walikuwa wawili: Shebughe, mwanamume, na Mkunde, binti.

Na si mji wa kuokota, jamani. Kisima chetu hakijawahi kukauka. Bada letu, ule ugali wa muhogo, hushuka kooni lenyewe. Na maneno yetu, wacha tu.

Wazee wa baraza wakasema, "Binti hapewi mji."

Mfalme akajibu, "Atapewa anayeujua."

Akawaita wanawe. "Nendeni Kwamsunga mkakae mwezi mzima. Msiseme nyinyi ni wana wa nani. Kaeni kama wenyeji wanavyokaa. Mkirudi nitajua nani aliyeujua mji. Na wewe Mkunde, ukishindwa, jambo hili usilitaje tena maisha yako yote."

Wakashuka. Shebughe akapokewa nyumba ya juu, Mkunde akapokewa kwa Bi Somoe, mwanamke aliyejua kila chungu cha mji kina nini ndani.

Siku mbili za kwanza wote walikula wali kwa kuku. Siku ya tatu, kama ada yetu, wenyeji wakaegemeza jembe mlangoni. Hakuna aliyesema neno. Kwetu jembe hujisemea.

Shebughe akaliona, akalishika mpini, akasema, "Mna mafundi hodari hapa!" Akaliegemeza tena palepale, akaenda kutazama maporomoko.

Wenyeji wakatazamana. Ikabidi wachinje kuku mwingine. Wakachinja mwezi mzima, mpaka majogoo wakaisha na watu wakawa wanachelewa kuamka. Lakini kila alikopita waliitikia kwa tabasamu, "Karibu mgeni, karibu sana." Akafunzwa salamu zetu zote, akapigiwa ngoma, akapewa mkeka wa rangi nne.

Mkunde alipoliona jembe lake, alilitwaa akamfuata Bi Somoe shambani. Jioni viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Bi Somoe akamwekea bada na kisamvu. Kuku hakumwona tena.

Kesho yake kisimani akatumbukiza kata kabla ya wakubwa.

"We mtoto!" Bi Somoe akamkemea mbele za watu. "Kwenu hakuna wazee? Rudi nyuma huko!"

Akarudi nyuma, machozi yakimlengalenga.

Wiki ya tatu akafariki mzee Mhina. Mkunde akaenda msibani, akakaa jikoni na wanawake, akapewa chungu kikubwa cha maharage akiangalie. Basi pale pembeni kulikuwa na habari tamu ya mke wa mhunzi, naye akasogea asikie vizuri. (Simlaumu. Hata mimi ningesogea.) Kugeuka, maharage yameungua. Msiba mzima ukala maharage yanayonuka moshi. Tangu siku hiyo akaitwa Mkunde Moshi.

Mwezi ukaisha, wakarudi kwa baba yao. Shebughe akatandika mkeka wake, akasimulia maporomoko, akasalimia kwa lugha yetu bila kukosea. Baraza likampigia makofi.

"Na wewe?" mfalme akamuuliza binti yake.

Mkunde hakuwa na mkeka. Alikuwa na viganja vyenye sugu. "Baba, mimi sikuonyeshwa kitu. Nimegombezwa tu."

Wazee wakacheka kwa pua. Mkunde akainamisha kichwa, akajua imekwisha.

Mfalme akasema, "Niitieni mtu kutoka Kwamsunga."

Akaletwa Bi Somoe. Mfalme akamwonyesha Shebughe. "Bibi, unamjua huyu?"

"Namjua, mfalme wangu. Mgeni wetu huyo. Kijana mzuri, hana dosari."

"Anaitwa nani?"

Bi Somoe akafikiri. "Anaitwa... mgeni."

"Na huyu?"

Bi Somoe akageuka, akamwona Mkunde. Hapo ndipo mdomo ulipofunguka.

"Huyu? Kumbe uko huku, Mkunde Moshi! Mfalme wangu, huyu kaunguza maharage ya msiba wa mzee Mhina! Kisimani hapishi wakubwa! Kijungu changu kakiacha kwa jirani hakukirudisha! Na tena kaondoka bila kuaga, ilhali Ijumaa hii ni zamu yake kufagia kisima. Nani atamfagilia? Mimi na mgongo huu?"

Mzee mmoja akasema taratibu, "Bibi, hao ni wana wa mfalme."

Bi Somoe akaziba mdomo kwa upindo wa kaniki. Kisha akautoa. "Basi na afagie," akasema. "Zamu ni zamu."

Mfalme alicheka mpaka akashika kiti.

"Mmesikia?" akawauliza wazee. "Shebughe amekaa mwezi mzima, hata jina lake halijulikani. Mgeni hasemwi ila kwa mema, kwa sababu ataondoka. Huyu anasemwa kwa jina, kwa makosa yake, na zamu yake inamngoja. Mji ni wake tayari. Mimi nampa kilicho chake."

Ijumaa ile asubuhi, mtawala mpya wa Kwamsunga alikuwa ameinama kisimani na ufagio wa chelewa, na Bi Somoe amesimama pembeni.

"Hapo umeacha jani," Bi Somoe akasema.

Mkunde akarudi akaliokota.

Na sisi watu wa Kwamsunga ndivyo tulivyo mpaka leo. Ukija utakula kuku siku mbili, na utasifiwa hadi uchoke. Lakini siku utakayosikia tunakusema, furahi, umefika. Mpelekee hadithi hii na yule jamaa yako aliyepita mji wa watu siku tatu, akarudi na picha, akasema anaujua.

Funzo: Ukitaka kuujua mji wa watu usihesabu waliokukaribisha, chukua jembe la mlangoni, ukosee, ugombezwe, na ukubali kupewa zamu.