Bei Iliyokuwa ya Jumatano Moja

Nitegeeni masikio, wakubwa kwa wadogo, na mshukuruni aliyekupeni. Hadithi hii ni ya mtu aliyepoteza yake, na ya watu watatu ambao kila mmoja wao alisema kweli.

Katika mji mmoja wa bara walikuwapo watatu wenye vipawa. Fortunatus alijaliwa kalamu: alipanga maneno machache, yakamkaa mtu kichwani siku nzima. Zawena alijaliwa sauti: akisema katika televisheni ya mji ule, hata waliokuwa wakigombana walinyamaza kwanza wamsikilize. Bwana Ramia, mwenye duka, alijaliwa kilicho adimu kuliko vyote viwili: aliaminika. Mizani yake haikumpunja mtu, na bei iliyobandikwa dukani kwake watu hawakuiuliza mara mbili.

Palikuwa pia na Maalim Hilali, aliyesomesha Kurani. Kipawa chake kilikuwa sikio. Wanafunzi thelathini walisoma kwa pamoja, naye, macho ameyafumba, humnyooshea kidole yule mmoja aliyefupisha madda, yaani irabu ya kuvutwa. Mkewe, Bi Tunu, ndiye aliyegundua kwamba kidole kile kimeanza kukosea.

"Maalim, watu wamekwisha kuingia msikitini."

"Kwani imeadhiniwa?"

"Imeadhiniwa, baba. Nawe ulikuwa umeketi chini ya kipaza sauti."

Masikio yote mawili yalikuwa yakitoa usaha. Hospitalini waliambiwa kwamba daktari bingwa huja mara moja kwa mwaka, na kwamba atafika mwezi ujao. Upasuaji ulikuwa laki tatu. Walizitafuta kwa taabu, zikapatikana.

Wiki moja kabla ya daktari kufika, Bi Tunu alikuwa akichambua mchele aliposikia sauti ya Zawena: "Kifaa cha kusikia! Dukani kwa Ramia bei ilikuwa laki nane. Kwetu leo, laki mbili na nusu tu!" Na pale kwenye kioo cha televisheni, laki nane ilionekana kwa wino mwekundu, imekatwa mstari.

Bi Tunu aliacha ungo. Laki mbili na nusu hazikumshughulisha sana. Kilichomshughulisha ni ile laki nane.

"Maalim," alisema kwa sauti kubwa, "kitu cha laki nane kitashindwaje na tiba ya laki tatu?"

Maalim alicheka. "Wewe ndiwe waziri wa nyumba hii. Mimi raia tu."

Wakakinunua. Kifaa kile kilikuza kila sauti: sufuria, jogoo, upepo mlangoni, lakini hakikumtenganishia herufi ya sini na ya swadi. Daktari alikuja akaondoka, na usaha ukaendelea kula ndani, umezibwa. Mwaka uliofuata walipokwenda, daktari alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema na Bi Tunu, kwa kuwa Maalim hakuweza tena kuambiwa. "Mama, vilivyokuwamo humu vimeliwa. Mngalikuja mwaka jana, ningaliyaokoa."

Siku ile ile Bi Tunu alikwenda kwa Bwana Ramia.

"Kile kifaa ulikiuza laki nane?"

"Sikukiuza, dada yangu. Nilikiweka."

"Kwa siku ngapi?"

"Jumatano moja. Tangu kufungua hadi alasiri, kisha wenyewe, wale wanaokiuza kwa televisheni, wakaja kukichukua. Waliniahidi watalitaja duka langu."

"Na nani alikitaka?"

Ramia aliinamisha kichwa. "Nani angenunua kitu kile kwa laki nane?"

Ijumaa, baada ya sala, wote watatu walifika nyumbani kwa Maalim kuomba radhi, wakaketi mkekani.

"Mimi katika tangazo niliandika 'ilikuwa'," alisema Fortunatus. "Na kweli ilikuwa. Sikuandika 'iliuzwa'."

"Mimi niliuliza kama ni kweli," alisema Zawena. "Nikaambiwa nenda katazame. Nikaenda, nikaiona bei kwa macho yangu. Ningejuaje kwamba ni ya siku moja?"

"Ulikwenda saa tano ukarudi mbio, mwanangu. Hukuniuliza hata hali," alisema Ramia. "Mimi bidhaa ilikuwa dukani kwangu, na mwenye duka hupanga bei apendavyo. Bila kalamu ya huyu, bei yangu ingekuwa karatasi tu."

"Na bila jina lako, Bwana Ramia, mimi ningekuwa kasuku tu!" alisema Zawena.

Maalim alitazama midomo ikicheza. Bi Tunu alichukua ubao wa chuoni, akamwandikia yote waliyoyasema, bila kupunguza wala kuongeza. Maalim alisoma polepole. Kisha akasema, kwa sauti ile kubwa, isiyopanda wala kushuka, ya mtu asiyejisikia:

"Vitabuni nimesomesha habari za mtu apandishaye bei naye hakusudii kununua. Sikupata kusoma habari za apandishaye naye hakusudii kuuza. Mmeleta kweli tatu, nazo zimezaa uwongo mmoja. Lakini sitawadai watu watatu masikio ya mtu mmoja. Wawili nawasamehe leo, duniani na akhera. Mmoja nitasimama naye mbele ya Mola wetu. Tunu, wewe umewasikia, mimi sikuwasikia. Niandikie jina lake."

Bi Tunu aliufuta ubao. Alimtazama Fortunatus, aliyelichagua neno akijua upana wake. Alimtazama Zawena, aliyeliingiza neno lile ndani ya nyumba yake. Alimtazama Ramia, ambaye kama si yeye, Bi Tunu asingaliiamini bei ile. Na moyoni mwake lilikuwamo jina la nne, ambalo hapana aliyelitaja mkekani pale: jina la aliyezipima tiba mbili kwa bei tu.

Maalim anangoja. Chaki imegusa ubao. Enyi mliowasikia wote kama alivyowasikia yeye, mkono ule ungalikuwa wenu, mngaliandika jina la nani?