Kiti cha Mbele cha Ngamia

Nawapa mji mmoja, wenzangu, na msiniulize uko wapi, maana mkishaujua mtasema ni habari ya watu wengine.

Katika mji huo kulikuwa na bustani ya michezo, na ndani ya bustani kulikuwa na treni ya kuchezea, ile inayovutwa taratibu kwa mnyororo hadi juu kabisa, kisha inaachiwa, na wanaume wazima wanaanza kuwaita mama zao. Reli zake zilikaa juu ya nguzo za mkaratusi na zilikuwa na nundu mbili kubwa, kwa hiyo mji mzima uliiita Ngamia. Ngamia alikuwa na miaka sitini na mitatu. Watu walichumbiana mgongoni mwake. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda na kwenye khanga, na harusi haikuhesabika harusi mpaka maharusi wapigwe picha wakiegemea nguzo zake.

Aliyemtunza alikuwa fundi mmoja mwanamke, aliyerithi kazi na nyundo kutoka kwa baba yake. Pamoja na nyundo alirithi desturi. Kila asubuhi, kabla ya lango kufunguliwa, fundi aligonga nguzo zote, moja baada ya nyingine, akitega sikio. Mti mzima hujibu ko! Akimaliza, aliketi kiti cha mbele peke yake, akazunguka mzunguko mmoja. Akishuka mzima, ndipo lango lifunguliwe. Haikuandikwa popote. Baba yake aliifanya miaka thelathini, hata asubuhi aliyomzika mkewe.

Sasa mwaka huo nguzo ya arobaini na moja haikusema ko. Ilijibu kama mtu anayegongewa mlango na hataki kufungua. Fundi akachukua kisu, akakwangua rangi. Ilikuwa nene kama ukoko wa ugali, maana kila mwaka kabla ya sikukuu Ngamia hupakwa upya. Na nyuma ya rangi, ndugu zangu, hakukuwa na mti. Kulikuwa na mchwa na unga. Ile nguzo ilikuwa imesimama kwa rangi tu! Akagonga ya arobaini na mbili. Akagonga ya arobaini na tatu. Nazo hazikusema ko.

Akaenda kwa mwenyekiti wa bustani, kipande cha nguzo kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mzee, Ngamia afungwe. Mwaka mzima. Tubadilishe nguzo zote za nundu ya pili."

"Mwaka mzima, na sikukuu hiyo hapo mlangoni?"

"Mzee, watoto wanapita juu ya rangi."

Mwenyekiti akacheka. "Fundi, baba yako hakuwa na maneno mengi hivi. Nitakuletea ndoo sita za rangi nyekundu. Kwa sasa endelea kumwangalia tu."

Endelea kumwangalia tu! Nani hapa hajawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri?

Fundi hakunyamaza. Aliandika barua, akaipigisha mhuri, akabaki na nakala. Habari zikaenea, mji ukagawanyika. Wengine wakasema abomolewe, wajengewe kitu cha kisasa. Wengine wakashonesha fulana nyekundu: NGAMIA WETU HAGUSWI. Basi Jumamosi moja, saa nane mchana, ukaitishwa mkutano katika ukumbi uliopakana na bustani.

Hapo fundi alisimama akasema. Na alisema, jamani! Akaweka kile kipande mezani, akakigonga kidogo kwa kidole, kikamwagika kama unga wa muhogo. "Mnaompenda Ngamia," akasema, "mnapenda picha yake. Miaka sitini na mitatu haiwezi kushika reli." Watu wa fulana wakainamisha macho. Mwenyekiti akatafuta leso. Ukumbi ukapiga makofi, na fundi akaketi akiipapasa nakala ya barua mfukoni, moyo umemtulia.

Ndipo akasimama mama mmoja aliyekuwa akiuza bisi langoni tangu enzi za baba wa fundi.

"Mwanangu, umesema vizuri. Nina swali moja tu. Kila asubuhi nikiwasha jiko langu nakuona ukipita juu yangu, kilemba kinataka kuruka. Siku kumi na moja hizi sijakuona. Siku hizi kiti cha mbele anakaa nani?"

Fundi akautoa mkono mfukoni.

"Mifuko ya mchanga, mama. Miwili."

"Kwa nini wewe usikae?"

"Naogopa, mama."

"Na mifuko ikirudi salama, unafanyaje?"

Fundi akajibu kwa sauti ndogo, "Nafungua lango."

"Jana alipanda mjukuu wangu," yule mama akasema. Hakupaza sauti.

Na hapohapo, kupitia dirishani, wote wakausikia mnyororo ukivuta kuelekea juu, tak, tak, tak, na watoto wakishangilia. Ilikuwa Jumamosi. Lango lilikuwa wazi. Alilifungua yeye, asubuhi ileile.

Fundi alitoka mbio, viatu akaviacha ukumbini. Akafika kwenye mtambo, akasubiri treni izunguke irudi, na huo ndio mzunguko mrefu kuliko yote ya maisha yake. Iliporudi akazima umeme, akawashusha watoto mmoja mmoja, akapitisha mnyororo langoni, akafunga kufuli. Mwenyekiti akamfikia akihema.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna," fundi akasema. "Nilikuwa nasubiri ruhusa. Ndiyo maana nimechelewa siku kumi na moja."

Mlidhani nitawaambia Ngamia alianguka? Hakuanguka. Alifungwa, nguzo zikabadilishwa moja moja kwa miezi kumi na minne, na mpaka leo wenye fulana wanasema ndio waliomwokoa. Waacheni.

Mimi nawauliza habari zetu. Ushirika wetu huu wa wanafunzi hapa chuoni ni wa zamani, una historia, na kila muhula tunaupaka rangi. Mwenyekiti wa rangi mnamjua, hamhitaji mimi niwaonyeshe. Lakini sisi, tunaojua kuongea? Tunajua ni mlezi gani ambaye msichana haendi ofisini kwake peke yake. Tumeambizana chini kwa chini: dada, usiende, au nenda na mwenzio. Tumeandika barua. Tumeshinda mjadala, tumepigiwa makofi, nami nimo, niliyapokea. Kisha anakuja binti wa mwaka wa kwanza na begi lake, hajui nguzo wala mchwa, nasi tunamwambia kwa tabasamu: karibu mpendwa, mlezi wetu ni mtu wa Mungu, kamwone.

Pale tusipothubutu kukaa sisi, tunamkalisha mtoto wa mwenzetu, halafu tunasema tuliripoti.

Jumatatu wanafika wapya. Mwenyekiti hana ufunguo wa lango, wapendwa. Tazameni mikononi mwenu.