Jina Chini ya Dirisha la Kipanga

Hapo zamani, na anayetaka kubisha abishe sasa hivi nimalizane naye, palikuwa na ndege iliyoishi baharini. Haikuelea, enyi wasomi. Ililala juu ya manowari, mbawa zimekunjwa kama kuku anayeatamia. Mimi niliishia darasa la sita na haya ninayajua. Ninyi mlifundishwa nini huko?

Ndege iliitwa Kipanga. Bi Mwatime ndiye aliyeichora. Wakubwa wakasema ni nzito, akarudi kuchora. Wakasema ni pana, haitaenea melini, akarudi kuchora, akazikunja mbawa. Miaka saba. Mara ya tatu ikaruka.

Rubani wake alikuwa Feruzi. Fundi wake alikuwa Machano, aliyeiosha chumvi kila alfajiri akiisemesha kama mtoto asiyetaka kuoga. Feruzi alimpenda fundi huyu kuliko alivyowahi kumwambia. Na desturi ya manowari ile ilikuwa moja: sanduku la fundi lina shimo la kila spana. Shimo likiwa tupu ndege hairuki mpaka spana ipatikane, maana ikisahaulika ndani ya ndege huua.

Siku moja Feruzi alitumwa kulipua meli ya maharamia, imesheheni baruti, inaelekea bandari ya kwao Feruzi. Machano akaonyesha sanduku, mashimo yote yamejaa. Kipanga ikapaa, ikalipua, ikarudi. Kumbe kulabu ya mkiani, ile inayonasa waya sitahani, imegoma kushuka. Bila kulabu, ndege hupitiliza ikatumbukia baharini.

Mkuu wa manowari akamwamuru aruke kwa mwavuli. Feruzi akasema hamwachi Kipanga azame peke yake. Ndipo akaisikia redioni sauti ya Machano.

"Feruzi, mwanangu. Gusa sitaha kwa kishindo, upae tena. Kulabu itashuka."

"Isiposhuka?"

"Nimesimama hapa mbele. Utanipitia mimi kwanza."

Akagusa, akapaa. Kishindo kile kingevunja ndege nyingine yoyote. Viungo alivyovichora Bi Mwatime havikulia hata kidogo. Akarudi, kulabu ikanasa.

Miaka ikapita, Kipanga ikastaafishwa, iwekwe langoni mwa bandari. Chini ya dirisha la rubani palikuwa na nafasi ya jina moja tu. Bi Mwatime akasema, "Nimemzaa mara tatu. Mama haandikwi?" Mabaharia wakamtaka Feruzi, aliyekataa kuruka kwa mwavuli. Feruzi akataka liandikwe la Machano, aliyesimama mbele ya ndege. Machano akatazama viatu vyake.

"Langu msiandike."

Watu wakasema, tazama unyenyekevu huo.

Je, nani alistahili?

Ngojeni, msinizomee bado. Kuna kipande nimewaficha. Siku ile shimo moja lilikuwa tupu, la spana namba kumi. Wangeanza kuitafuta, maharamia wangefika bandarini, na bandarini walikuwako mke wa Machano na wanawe. Machano akaliziba kwa spana ya sanduku la jirani. Yake, aliyoisahau ndani ya ndege, ndiyo iliyobana kulabu. Feruzi aliposhuka aliikuta sitahani, ilikoangushwa na kile kishindo, akaitia kwenye buti kabla mtu hajafika, akamkumbatia fundi wake, asiseme neno mpaka anakaribia kufa.

Nimejuaje? Feruzi ni babu yangu. Spana hii hapa, ishikeni. Kisha mjibu tena.