Umefaulu, Mwanangu?

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, zamani hii ya juzi ambayo matope yake hayajakauka, palikuwa na mhasibu mmoja wa Bukoba, jina lake Kokusima, mke wa Gosbert. Alitaka kusomea shahada ya uzamili ya biashara. Mlango wa shahada hiyo ni mtihani, na mtihani huo, sikilizeni vizuri, hauna kufaulu wala kufeli. Una alama tu, na kila chuo hupokea alama kinazozitaka.

Kokusima akaufanya. Jumapili asubuhi alama zikatoka, na baba yake, Mzee Rwechungura, akapiga simu.

"Mwanangu, umefaulu?"

Sasa wewe ungemjibuje mzee? Kokusima akasema, "Nimefaulu, baba."

Basi! Kabla ya mchana mzee alikwisha kutangaza kanisani, mashangazi wamepiga vigelegele, na ndizi za pombe zimevundikwa.

Kesho yake vyuo viwili alivyoviomba nafasi vikajibu. Chuo cha karibu kikasema: kwa alama hizi tunakupokea, thibitisha kabla ya Ijumaa jioni. Chuo cha mbali, kile alichokiota tangu aanze kazi, kikasema: alama zimepungua kidogo, rudia mtihani.

Rudia! Kwa watu wa kwao, anayerudia ni aliyefeli. Tena akirudia, nafasi ya karibu imekwenda, maana chuo kile hakimngoji anayerudia, na alama mpya zaweza kushuka kuliko za kwanza. Hofu ikamshika.

Gosbert akasema, "Mke wangu, rudia. Mwaka mzima nimemwogesha mtoto, nimempikia uji, nimembembeleza, ili wewe usome. Sikufanya hayo uishie katikati ya njia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Kweli," akasema Kokusima.

Baba akaja mwenyewe na fimbo yake. "Mama, usirudie. Tangu mama yako afariki sikuwa nimecheka mbele za watu. Jumapili nilicheka. Ukirudia wataniuliza, mzee, si ulisema amefaulu? Moja shika, si kumi nenda uje."

"Kweli, baba."

Wa tatu ni Leokadia, rafiki yake. Ndiye aliyemfundisha hesabu kila jioni, masomo yake mwenyewe akayaacha, na alama zake katika mtihani huohuo zikawa ndogo. Katika chuo cha karibu yuko kwenye akiba: Kokusima akiiacha nafasi, ni yake.

"Mwenzangu, sikufichi," akasema. "Rudia. Nakwambia kwa sababu unaweza, na kwa sababu nami nataka kuingia. Sababu ipi imetangulia, hata mimi sijui."

Hapo Kokusima hakusema tena "Kweli". Alilia.

Ijumaa ikafika. Ameandika majibu mawili kwenye simu, la kukubali na la kukataa, na hajatuma hata moja. Jua linateremka. Mara simu ikaita. Ni baba, na nyuma yake ngoma zinalia, pombe imeiva.

"Mwanangu, wageni wamejaa uani. Wanataka wakusikie wewe mwenyewe. Waambie, umefaulu?"

Mimi naishia hapo. Nyinyi mnaopenda kushauri, semeni, na msijifiche nyuma ya methali. Semeni upesi, mzee bado yuko kwenye simu: mume aliyelea, baba aliyecheka, rafiki aliyefundisha, je, nani alistahili kusikilizwa?