Matanga ya Papa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nani?"

"Na mwenye meno!"

"Na nani tena?"

"Na aliye chini ya tumbo lake!"

Basi tulieni, na aliyeshika kijiko akiweke chini.

Hapo kale palikuwa na Papa. Alikula asubuhi, akala mchana, akala jioni, na jino likimng'oka jingine lilikuwa limeshapanga foleni nyuma yake. Chini ya tumbo lake alijibandika Chazo, samaki mdogo mwenye kichwa kinachonata, akiokota makombo.

Siku moja Papa akasema, "Chazo wee! Kesho ni bamvua. Maji yatajaa hadi kwenye mizizi ya mikoko, nami nitaingia. Huko kuna vitoto laini."

Moyo wa Chazo ukapiga pa! Vitoto hivyo laini vilikuwa vyake.

"Vyema, bwana mkubwa. Lakini bamvua ni kesho. Leo utashindaje? Nje ya mwamba kuna mashua nyeupe inatupa vipande vya jodari. Bure."

Chazo aliwajua watu wa mashua ile. Walivua kwa kujifurahisha: wanamkamata papa, wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha baharini. Msiniulize kwa nini. Mimi ningempika kwa nazi.

Papa akaenda. Akanusa, akanyakua, ng'wap! Mshipi ukalia zzzrrr! Akavuta, wakavuta. Akavuta, wakavuta. Mwisho wakampandisha, wakampindua chali. Na papa akilazwa chali huzubaa kama aliyelewa, ndivyo alivyoumbwa. Akaona kama ndotoni: watu wamemzunguka, mmoja anammwagia maji kwenye matamvua, mwingine anampima kwa utepe toka pua hadi mkia. Wakamchomeka kipande chekundu cha plastiki kwenye pezi. Kisha, chubwi!

Alipozinduka, Chazo alikuwa ubavuni mwake, analia.

"Unalia nini?"

"Nakulilia wewe, marehemu."

"Marehemu nani?"

"Bwana, hukulazwa chali?"

"Nililazwa."

"Hukumwagiwa maji?"

"Nilimwagiwa."

"Hukupimwa urefu?"

"Nilipimwa."

"Sasa ni nani anayelazwa chali, akaoshwa, akapimwa, watu wamemzunguka, kisha akashushwa chini?"

Papa akazunguka, akazunguka tena. "Lakini mbona nasikia njaa?"

"Marehemu wote husema hivyo."

"Na hiki chekundu?"

"Kaburi lisilo na alama umeliona wapi?"

Papa akahisi kinywani. Pale ndoana ilipomng'oa jino, jingine lilikuwa linachomoza. "Chazo, mbona jino linaota?"

"Bwana, hata juu ya kaburi majani huota."

Chazo akatangulia mbio kwenye mikoko kuwapa wenzake habari.

Bamvua likaja, maji yakajaa, Papa akaingia. Akakuta samaki wamekaa matanga, Bi Pono katikati anaomboleza: "Ooo, Papa wetu! Alikuwa na meno mazuri!"

"Bi Pono, mimi niko hapa!"

Bi Pono akatazama pembeni. "Jamani, mmesikia baridi? Kama kuna kitu kimepita."

"Ni mimi!"

"Baridi kweli," wakaitikia wote.

Mara vitoto vya Chazo vikapita mbele ya pua yake. Papa akafungua kinywa. Chazo hakupandisha sauti.

"Marehemu," akamnong'oneza, "utakula mtoto wa mtu kwenye matanga yako mwenyewe? Watu watakusema vipi?"

Papa akafunga kinywa kwa aibu. "Na chakula cha matanga, mwenye matanga hapewi?"

"Hapewi."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda kilindini ukapumzike. Wenzako wako huko."

Papa akaenda. Mpaka leo yuko huko, hajui kama yuko hai au amekufa. Humwuliza kwa adabu kila samaki anayekutana naye, "Samahani, ndugu, unaniona?" Na kila samaki akimwona hukimbia bila kumjibu. Basi Papa hutikisa kichwa. "Kumbe ni kweli."

Fundisho: watoto, msiseme uongo. Chazo alisema uongo, na watoto wake wote wakakua wakawa wakubwa. Mmeona ubaya wake?

Ngano yangu nimeifua, nimeikamua, nimeianika. Anayeitaka akaianue. Haya, nileteeni sahani.