Uji wa Mize Barazani

Hapo zamani, katika mji wa Mwambeni, alikuwako muuza uji jina lake Mize binti Haji, fukara, tena watu walimdhani punguani kwa kuwa alizoea kuzungumza na sufuria yake. Basi Waziri Shali akakitamani kiwanja chake, akamtoa, akafunga punda wake pale pale penye mafiga. Mize akawa hana pa kupikia wala pa kulala, akaazimia kwenda kushtaki.

Lakini kushtaki kwa Sultani Makame kulikuwa na masharti. Mshtaki huja na kinywaji chake mwenyewe, maana Sultani alikuwa bahili hata wa maji ya kisima. Kinywaji hutiwa katika kifuu cha nazi kilichotobolewa tundu chini, kikaning'inizwa. Maadamu kinywaji hakijaisha, mtu husema; kikiisha, hunyamaza. Sultani haondoki kitini kabla ya tone la mwisho, wala hapana ruhusa ya kukigusa kifuu. Na kabla ya shauri, sharti kuwasifu mababu saba wa Sultani. Watu wote walileta maji, na maji yaliwaishia kwenye babu wa nne. Ikawa miaka kumi na miwili halikusikilizwa shauri hata moja, na Sultani akiamini raia zake hawana malalamiko.

Mize akaazima jiko kwa jirani, akapika uji wa muhogo, akaupeleka ungali unafuka. Waziri akauchungulia, akauona mwepesi kama maji, akaruhusu utiwe.

Mize akaanza kusifu, pole pole. Alipofika babu wa tatu, uji ulikuwa umepoa na matone yamekuwa mazito. Alipofika wa tano, tone moja likaning'inia tunduni, lisianguke. Akawamaliza wote saba, akawasifu na wake zao, ndipo akaeleza habari za kiwanja. Akaeleza mara ya pili, pamoja na majina ya punda.

Adhuhuri ikapita. Harufu ya pilau ikaja barazani, kisha ikaacha kuja.

"Ewe mwanamke," akasema Sultani, "uji wako huu utaisha lini?"

"Maulana, uji wa muhogo ukipoa huganda. Dawa yake ni kuupasha."

"Basi upashe."

"Labeka, Maulana. Nitaupasha nikimaliza kusema. Sasa yule punda wa tatu, mwenye upele..."

Sultani akalitazama tone. Tone halikutikisika.

"Shali," akasema, "nenda ukafungue punda wako. Kiwanja ni cha mwanamke huyu."

Waziri alipotoka, Mize akaomba chetezo chenye makaa, akakiweka chini ya kifuu pasipo kukigusa. Baada ya kitambo uji ukalegea, tone likaanguka, na yaliyobaki yakafuata mbio.

Sultani akacheka hata kilemba kikafunguka, kisha akaenda kula pilau yake, nayo mafuta yalikwisha ganda.

Hata asubuhi yake, Mize alipowasha moto kwenye mafiga yake, alikuta watu kumi na wawili wamejipanga mlangoni, kila mmoja na bakuli lake, na hapana hata mmoja aliyesema ana njaa.